Herufi Saba za Nyawera: Jinsi Maumbo na Sauti Vilivyoachana Njiani

Kuta zinazolizunguka soko la Nyawera, katika komine ya Ibanda mjini Bukavu, zinasomwa kwa lugha zaidi ya moja. Duka la dawa limeandikwa PHARMACIE, la vyakula ALIMENTATION, kibanda cha kutuma pesa M-PESA, na pembeni kuna jina la Mashi, lugha ya Bushi, eneo linaloizunguka Bukavu, au tangazo la Kiswahili. Lugha ni mbalimbali, herufi ni zilezile 26. Mtoto anayejifunza kusoma hapo hukutana mapema na jambo linalomsumbua. C ya Cimpunda, mtaa wa komine ya Kadutu, hutamkwa “ch”. C ya cathédrale hutamkwa “k”. C ya cité hutamkwa “s”. H ya hospitali inasikika, H ya hôpital haisikiki. Akiuliza kwa nini, mara nyingi huambiwa akariri tu.

Anastahili jibu, na jibu lipo. Umbo la herufi hubadilishwa na mkono pamoja na chombo cha kuandikia. Sauti yake hubadilishwa na mdomo wa watu wanaoiazima. Mabadiliko hayo mawili hayaendi pamoja, na kwa miaka karibu 4,000 umbo na sauti vimekuwa vikiachana na kukutana tena. Kila taifa lililoipokea alfabeti lilikuta herufi nyingine hazina kazi katika lugha yake, na sauti nyingine hazina herufi, likalazimika kurekebisha. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wanaoandika Mashi na Kiswahili cha Kongo leo wako katikati ya kazi hiyohiyo, wala si wanafunzi waliochelewa kufika darasani.

Picha iliyogeuka sauti

Alama ya kale si lazima iwe herufi. Mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin kwenye ufuo wa Ziwa Edward, una mikato iliyopangwa kwa makundi, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Mikato ile huenda ilihesabu kitu, lakini haitamki neno. Maandishi ya Misri ya kale yalitamka maneno, ila mwandishi alipaswa kujua mamia ya alama. Alfabeti ilileta jambo jipya: alama chache, kila moja na sauti yake.

Ushahidi wa mwanzo wake uko Sinai, kwenye machimbo ya feruzi ya Serabit el-Khadim, ambako mwaka 1905 Flinders Petrie alikuta maandishi mafupi yenye alama zinazofanana na za Kimisri bila kuwa Kimisri. Mwaka 1916 Alan Gardiner alifanikiwa kusoma neno moja lililorudiwarudiwa: Baalat, yaani “bibi”, sifa ya mungu wa kike aliyeabudiwa pale. Miaka ya 1990 John na Deborah Darnell walipata maandishi ya aina hiyo Wadi el-Hol, katika jangwa la magharibi mwa mto Nile. Maandishi hayo huwekwa karibu na mwaka 1800 KK, na wenye lugha yake walikuwa watu wa jamii ya Kisemiti waliofanya kazi miongoni mwa Wamisri.

Kanuni waliyoifuata ni rahisi: chora kitu, kisha chukua sauti ya kwanza ya jina lake. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuifuata bila mkalimani, kwa kuwa Kiarabu, ndugu wa lugha ile, kimetuachia majina kadhaa ya vitu vilivyochorwa. Nyumba, ambayo kwetu imebaki katika beti ya shairi, ikawa B. Kiganja, kinachosikika katika kofi, kikawa K. Kichwa, kinachosikika katika rasi, kikawa R. Mawimbi ya maji yakawa M, na nyoka akawa N.

Herufi hizo hazikubaki kwa wafalme na makuhani. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kitana cha pembe ya ndovu kilichopatikana Lachish, katika nchi ya Kanaani ya kale, kimechorwa herufi 17 ndogo sana. Umri wake hukadiriwa kuwa karibu mwaka 1700 KK, na maneno yake ni ombi kwamba kitana kile king’oe chawa wa nywele na ndevu. Sentensi kamili ya kale kuliko zote tulizonazo za alfabeti ni ya mtu anayetaka kichwa chake kisiwashe. Tangu mwanzo, alfabeti ilikuwa chombo cha mahitaji ya kila siku.

Herufi saba, moja baada ya nyingine

Jina NYAWERA linatosha kuonyesha safari yote.

N ilikuwa nyoka aliyejikunja. Wafoinike, waliokuwa wakiandika kwa herufi 22 kufikia mwaka 1000 KK hivi, walimnyoosha akawa mstari wenye kona. Umbo limebadilika, sauti haikubadilika. Ncha ya ulimi kugusa nyuma ya meno huku pumzi ikipita puani ni jambo linalopatikana karibu katika kila lugha iliyoipokea herufi hii, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuigusa.

A ilikuwa kichwa cha ng’ombe chenye pembe mbili. Wafoinike walikilaza ubavu. Wagiriki wakakisimamisha pembe zikiwa chini, na hizo ndizo miguu miwili ya A ya leo. Sauti yake ya kwanza haikuwa “a”. Ilikuwa mkato wa pumzi kooni, ule ambao Kiarabu huuandika kwa hamza. Wagiriki hawakuwa na sauti hiyo katika hesabu ya sauti zao. Waliposikia jina alef, walichosikia mwanzoni ni “a” tu.

E ilikuwa mtu aliyeinua mikono. Kwa Wafoinike ilibaki mistari mitatu inayoshikwa na mmoja, ikitazama kushoto, na sauti yake ilikuwa “h” nyepesi. Wagiriki wakaitumia kwa “e”, na walipozoea kuandika kutoka kushoto kwenda kulia wakaigeuza itazame kulia.

R ilikuwa kichwa cha mtu juu ya shingo. Herufi ya Kigiriki ya sauti hii hadi leo ina umbo la P. Warumi waliiongezea mguu, kwa kuwa P yao ilikuwa inafunga tumbo lake na herufi hizo mbili zilikuwa zimeanza kufanana mno.

Zimebaki Y na W, na hapa kuna udugu usioonekana kwa macho. Zote mbili zimetoka kwa waw, herufi ya Kifoinike iliyochorwa kama kulabu na kutamkwa “w”. Wagiriki waliigawa mara mbili: nakala moja waliiacha mahali pa sita kwa sauti “w”, nayo ikaja kuwa F ya Warumi; nakala ya pili waliipeleka mwisho wa orodha kwa irabu “u”. Hiyo ya pili Warumi waliiandika V, wakaitumia kwa “u” na “w” pamoja. Katika karne ya 1 KK waliiazima tena kwa Wagiriki, safari hii ikiwa na mkia, ili waandike maneno ya Kigiriki ambayo irabu yake ilikuwa imeshabadilika. Hiyo ndiyo Y, na ndiyo maana Kifaransa huiita “i ya Kigiriki”. Waandishi wa Ulaya wa zama za kati wakaunganisha V mbili kupata W. Kutenganisha U na V kulikuja baadaye kabisa: Mwitaliano Gian Giorgio Trissino alipendekeza mwaka 1524 kwamba I na J, U na V, kila moja iwe na kazi yake. F, U, V, W na Y ni watoto wa herufi moja, na wau ya Kiarabu, ambayo watoto wa madrasa huisoma pamoja na alifu na bee, ni ndugu yao.

Ukiongeza I, iliyotoka kwenye mkono, na O, iliyotoka kwenye jicho na sauti ya kooni ya ayn, utaona kwamba irabu zote tano za Kiswahili zimejengwa juu ya konsonanti za Wafoinike. Wafoinike hawakuandika irabu. Wagiriki, katika karne ya 9 au ya 8 KK, walizipa kazi mpya herufi ambazo kwao zilikuwa na kazi ndogo au hazikuwa nayo kabisa. Ugunduzi huo ulizaliwa na tofauti ya midomo.

Mkono na chombo

Mtazame fundi wa vibao anapoandika A kubwa ukutani kwa brashi bapa. Anaishika brashi kwa pembe ileile. Mstari wa kushoto unatoka mwembamba, wa kulia unatoka mnene, na mwishoni anageuza brashi kidogo kusafisha ukingo, hapo mguu wa herufi unapata kisigino. Hakuna aliyemwelekeza kwamba mguu wa kulia uwe mnene. Pembe ya brashi ndiyo inayoamua.

Maandishi ya nguzo ya mfalme Trajan mjini Roma, ya mwaka 113 BK, yana A ileile: kushoto nyembamba, kulia nene, visigino chini. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba visigino vile vililetwa na patasi ya mchonga mawe. Mwaka 1968 Edward Catich, padri wa Marekani aliyewahi kuwa mchoraji wa vibao, alieleza kwamba Warumi waliandika kwanza kwa brashi bapa, kisha patasi ikafuata rangi. Aliyajua hayo kwa sababu mkono wake ulikuwa umeifanya kazi hiyo. Elimu ya fundi wa Nyawera ni ya ukoo huohuo, na inafaa iheshimiwe hivyo.

Herufi ndogo zina chanzo kingine. Kalamu ya unyoya juu ya ngozi hupenda mviringo na haraka. Kufikia mwaka 800 hivi, katika utawala wa Karolo Mkuu, mwandiko mdogo ulionyooka ulienea katika nyumba za watawa, na wachapaji wa Italia wa karne ya 15 wakauchagua kwa vitabu vyao. Ndiyo maana “a” ndogo haifanani na A kubwa: moja ni ya brashi na jiwe, nyingine ni ya kalamu na ngozi.

Chombo kikikimbia sana, umbo hufifia. Katika tawi lililozaa hati ya Kiarabu, herufi ziliunganishwa na kupunguzwa hadi sauti za b, t, th, n na y zikawa jino moja katikati ya neno. Dawa ikawa nukta, nazo zinaonekana tayari kwenye karatasi ya mafunjo ya Misri ya mwaka 643. Upande wa pili ni Ethiopia na Eritrea, ambako hati ya Ge’ez haikuunganisha herufi. Humo ayn bado ni duara, jicho lilelile la Sinai, na bet, ile nyumba, bado ina paa na kuta mbili. Walioihifadhi sura hiyo ya kale ni majirani zetu wa Afrika Mashariki, ambao kuanzia karne ya 4 waliongeza alama za irabu kwa kuibadili kidogo kila herufi.

Mdomo wa mwazimaji

Wagiriki walipeleka herufi zao Italia, na Waetruria wakazipokea. Lugha ya Waetruria haikutofautisha “g” na “k”, kwa hiyo herufi ya tatu, iliyokuwa “g” kwa Wagiriki, ikasomwa “k”. Hiyo ndiyo C. Warumi walioijifunza kwao walikuwa na sauti zote mbili, wakabaki na herufi moja kwa sauti mbili hadi karne ya 3 KK, walipoongeza mstari mdogo kwenye C kupata G. Plutarch anamtaja mwalimu wa shule, Spurius Carvilius, kuwa ndiye aliyefanya hivyo. G iliwekwa mahali pa saba, palipokuwa pa Z iliyoondolewa. Z iliporudi pamoja na Y ikakaa mwisho, mahali ilipo hadi leo.

Baadaye Kilatini chenyewe kilibadilika mdomoni. Mbele ya “e” na “i”, C ililainika: Italia ikawa “ch”, Ufaransa ikaishia “s”. Basi sauti tatu za C anazokutana nazo mtoto wa Bukavu ni tabaka tatu za historia. C ya cathédrale imehifadhi “k” ya Warumi, C ya cité ni matokeo ya Kifaransa, na C ya Cimpunda ni uamuzi wa tahajia ya Mashi na ya Kinyarwanda, unaolingana na wa Waitaliano.

Jambo lenye mafunzo zaidi ni kazi ya H. Ilianza kama ua au uzio, na sauti yake ilikuwa nzito ya kooni. Wagiriki wa mashariki waliigeuza irabu, wa magharibi wakaiacha “h”, na kwa njia hiyo ikafika Roma. Kisha Kilatini cha watu wa kawaida kikaacha kuitamka. Herufi iliyobaki bila sauti ikawa msaidizi wa herufi nyingine. Hata kabla ya hapo, kwenye pini ya dhahabu ya Praeneste ya karne ya 7 KK, sauti “f” imeandikwa FH, kwa kuwa F peke yake bado ilikuwa na sauti ya “w”. Warumi wakaja kuiacha H na kubaki na F. Wakatumia PH kwa sauti ya Kigiriki iliyokuwa “p” yenye pumzi kabla haijawa “f”, na RH kwa “r” ya Kigiriki yenye pumzi. PHARMACIE ya Nyawera imebeba pumzi ya watu waliokufa zamani. Kiswahili kinapoandika famasia kinaandika kinachosikika leo.

Sasa angalia majina ya Bushi: Burhinyi, Burhale, Irhambi. RH ya hapa ina kazi zaidi kuliko ile ya rhume, mafua kwa Kifaransa, ambayo imebaki kama kumbukumbu tu. Mashi ina sauti iliyo tofauti na R ya kawaida, na mara nyingi husimama mahali ambapo Kiswahili na Kinyarwanda vina T. Tatu ya Kiswahili ni -sharhu, tano ni -rhanu. Alfabeti ya Warumi haikuwa na herufi ya sauti hiyo, kwa hiyo H ikaitwa kusaidia, kama ilivyoitwa kwenye pini ya Praeneste. Anayesema RH ya Mashi ni tahajia ngumu isiyo na maana anasahau kwamba F yenyewe ilipita njia hiyo.

Mpaka ukipita katikati ya sauti

Eneo hili linaonyesha pia kwamba utawala huweka alama zake kwenye herufi. Sauti “ch” huandikwa CH Tanzania na Kenya, TSH katika Tshopo na Tshikapa, na C ng’ambo ya mto, Rwanda. Sababu ni ya kale. Kifaransa cha zama za kati kilitamka CH kama “ch”, na Kiingereza kikaichukua hivyo kutoka kwa Wanormani. Kifaransa kikaendelea kubadilika hadi CH ikawa “sh”, Kiingereza kikabaki pale pale. Neno lilelile la kiongozi likatufikia kwa njia mbili: Tanzania wana chifu, Bukavu tuna chef. Wamisionari waliozoea tahajia ya Kiingereza walikuta CH tayari inafaa. Waliozoea ya Kifaransa walilazimika kuiwekea T mbele.

Mji jirani wa ng’ambo uliandikwa Shangugu wakati wa Wabelgiji, kisha Cyangugu kwa tahajia ya Kinyarwanda. Mto unaotutenganisha huandikwa Ruzizi upande wa Kongo na Rusizi upande wa Rwanda. Ruanda-Urundi ya ukoloni, baada ya uhuru wa mwaka 1962, ikawa Rwanda na Burundi: U na W, wale ndugu wa waw, wakabadilishana zamu. Magharibi kabisa, jina moja la mto huandikwa Kwilu huku kwetu na Kouilou Kongo-Brazzaville, kwa sababu Wafaransa waliandika “u” kwa herufi mbili.

Kiswahili kilipitia marekebisho hayo mara mbili. Kwanza kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ni miongoni mwa maandishi ya kale tuliyonayo. Hati hiyo haikuwa na herufi za p, ch, v na g, na wasomaji walikisia kwa maana. Mombasa, Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, aliongeza alama ili sauti za Kiswahili zitofautishwe. Hati hiyo haikuishia pwani. Wafanyabiashara wa Kasongo na Nyangwe, zama za Tippu Tip, waliandikiana kwayo, na barua zao za miaka ya 1880 na 1890 zimo katika hifadhi za Ubelgiji. Kusoma na kuandika Kiswahili katika Kongo ya mashariki kulikuwepo kabla ya shule ya mkoloni. Tahajia ya herufi za Kilatini ilijengwa na wamisionari kina Krapf na Steere, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikasawazisha tahajia kwa nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Kongo haikuwa ndani ya kamati hiyo.

Wapo waliokata shauri kuanza upya. Mwaka 1978 Mkongomani Wabeladio Payi alibuni Mandombe, hati inayojengwa kwa maumbo mawili yanayofanana na 5 na 2 aliyoyaona kwenye mistari ya ukuta wa matofali. Hufundishwa hasa katika mazingira ya Kanisa la Kimbangu. Imethibitisha kwamba kubuni herufi si kazi ya kale iliyokwisha, wala si kazi ya bara lingine.

Kinachotupasa

Historia hii haisemi kwamba kila mtu aandike apendavyo. Wagiriki hawakufaulu kwa kila mji kuwa na alfabeti yake: mwaka 403 KK Athene iliamua kutumia alfabeti moja, ile ya Ionia, na uamuzi huo ndio uliodumu. Urekebishaji huzaa matunda pale jamii inapokubaliana na kushikilia ilichokubaliana.

Hapa kwetu makubaliano hayajakamilika. Mtaa mmoja huandikwa Cimpunda kwenye karatasi moja na Chimpunda kwenye nyingine. Katika jumbe za simu RH ya Mashi hupungua ikawa R, na tofauti ya maana hupotea pamoja nayo. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na inazihesabu lugha nyingine, Mashi ikiwemo, kuwa urithi ambao dola inapaswa kuulinda. Lugha hailindwi kwa tamko peke yake. Hulindwa kwa tahajia inayofundishwa.

Shule za Bukavu zingeweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Mtoto afundishwe kwamba herufi moja ina sauti tofauti kwa lugha tofauti, na aambiwe sababu. Aandike jina lake la Mashi kwa tahajia kamili, RH ikiwemo, sawa na anavyotakiwa asisahau alama juu ya É. Na walimu wa Mashi na wa Kiswahili wakae meza moja, waamue kila sauti inayotenganisha maana itaandikwaje, kisha wachapishe orodha ya majina ya mitaa na vijiji ambayo ofisi na wachora vibao wataifuata. Carvilius alikuwa mwalimu wa shule, na Sikujua aliitwa Mwalimu. Kazi kubwa za alfabeti zimefanywa mara nyingi na watu wa darasani waliosikiliza lugha yao kwa makini, na watu wa aina hiyo tunao.